Isiolo, mji ambao 'kule' ni maziwa

Na MWANDISHI WETU

MGENI njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema, hata hivyo, mgeni afanye nini akifika ugenini akakuta maneno ya lugha yake yamemtangulia, yamefanya maskani huko, na sasa yanajidai hayamjui. Hayo ndiyo yaliyonipata Isiolo.

Nilikuwa nimeshuka kwenye basi asubuhi hiyo baada ya safari ya karibu kilomita 280 kutoka Nairobi. Anayekwenda Isiolo kwa njia ya Nanyuki huuacha Mlima Kenya mkono wa kulia. Pale Timau abiria hujikunyata ndani ya makoti, mashamba ya ngano yakiwa pande zote mbili. Kisha barabara huanza kuteremka, ikateremka tena, mpaka makoti yanavuliwa na madirisha kufunguliwa, na mtu akitazama mbele huiona nyika imetanda hadi macho yachoke.

Wakati wa ukoloni Isiolo ilikuwa makao makuu ya ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini iliyojulikana kwa herufi tatu tu, N.F.D., na mtu hakuingia humo wala kutoka bila kibali. Hata baada ya Uhuru, kwa miaka mingi lami iliishia hapa. Mtu wa kaskazini akifunga safari ya Nairobi alisema anakwenda "Kenya". Lami ya kuelekea Marsabit na Moyale ilikamilika katika muongo wa 2010, lakini msemo huo haujasahaulika.

Basi nikaenda sokoni kutafuta kifungua kinywa. Nikamkuta mama wa Kisamburu, shingo yake imejaa shanga hadi kidevuni, ameketi kivulini na kibuyu mbele yake. Nikamsalimu, nikakiashiria kibuyu kwa kidole na kumwuliza kilikuwa na nini ndani.

"Kule," akanijibu.

Nikageuka kutazama kule. Niliona ukuta, punda wawili na kijana wa bodaboda aliyekuwa akisinzia juu ya pikipiki yake. Nikamrudia mama, nikauliza tena. "Kule," akasema, safari hii kwa sauti kubwa kidogo, kama mtu anayezungumza na kiziwi. Nikageuka mara ya pili. Yule kijana wa bodaboda, ambaye kumbe hakuwa amelala, akaangua kicheko hadi akalazimika kushika usukani asianguke.

"Mzee, unatafuta nini huko?" akaniuliza. "Kule ni maziwa!"

Ndivyo nilivyojua kwamba katika Kimaa, lugha ya Wasamburu na ndugu zao Wamaasai, kule ni maziwa. Si maziwa ya mbali wala ya karibu, ni maziwa tu. Kwetu sisi neno hilo ni jamaa wa yule, ile na pale, nalo kazi yake ni kuonyesha mahali. Neno la Kimaa halina habari na ukoo huo. Herufi ni nne zile zile, na zimepangwa vile vile, lakini hayo ni maneno mawili ambayo hayajawahi kuonana.

Niliyanywa maziwa yale, na siku tatu zilizofuata nikazitumia kuwinda maneno mengine ya aina hiyo. Msomaji mpenzi, Isiolo ni pori lake.

Koo tatu katika mji mmoja

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 268,002 katika kaunti nzima ya Isiolo. Si wengi. Lakini wachache hao wamegawana lugha za koo tatu kubwa ambazo hazina undugu wa kuonekana baina yao.

Kuna Kimeru, lugha ya Kibantu kama Kiswahili chetu, inayoteremka kutoka milimani pamoja na ndizi, viazi na miraa. Kuna lugha mbili za Kiniloti: Kisamburu na Kiturkana. Halafu kuna mbili za Kikushi: Kiborana, ambacho ni tawi la Kioromo cha Ethiopia, na Kisomali. Baadhi ya familia za Kisomali za mjini ni uzao wa askari wa ukoo wa Isaaq waliopigania Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, kisha wakapewa makazi hapa.

Juu ya hizo zote kimetandazwa Kiswahili, ambacho ndicho hutumika sokoni, kwenye matatu na kituo cha polisi. Nacho Kiswahili, kama tujuavyo, kimebeba mzigo wa maneno ya Kiarabu tangu enzi za majahazi. Ukichanganya yote hayo katika mji mmoja, hayakosi kugongana.

Hata majina ya mahali yanagongana. Ukitoka mjini kuelekea Archer's Post utapita kijiji kiitwacho Ngare Mara. Mswahili akilisikia jina hilo atajiuliza: mara ngapi? Lakini mara yetu ni ya Kiarabu, na ile ya Ngare Mara ni ya Kimaa, yenye maana ya madoadoa. Ngare ni maji. Ni mara ile ile ya Maasai Mara, ambayo wanafunzi wetu huitembelea kila mwaka bila kujiuliza imerudiwa mara ngapi.

Saa yenye pembe

Jioni ya siku ya kwanza niliketi katika hoteli moja karibu na msikiti, na chai ya maziwa ya ngamia mbele yangu. Simu yangu ilikuwa imezimika, nikamwuliza kijana wa meza ya pili: "Ndugu, ni saa ngapi?"

Mzee wa Kiborana aliyekuwa ameketi kando yake, kofia nyeupe kichwani na fimbo magotini, akatabasamu. Akaniambia swali hilo limewahi kuleta taabu. Katika Kiborana, ng'ombe ni sa'a. Husemwa kwa kukata sauti kidogo katikati, lakini anayeliandika haraka huandika saa, basi. Zamani, alisimulia mzee, askari mmoja kutoka pwani alimkuta mchungaji malishoni, akataka kujua wakati. "Saa ngapi?" akamwuliza. Mchungaji alijua Kiswahili cha kuhesabia tu. Akasikia anaulizwa idadi ya ng'ombe wake, na katika siku zile za kodi mtu mwenye sare akikuuliza hivyo jibu ni moja: unaswaga mifugo yako, unatokomea.

Kisa hicho huenda ni cha kweli, huenda kimetiwa chumvi. Nilimwomba mzee anipe mengine, naye akanipa bila choyo.

Bara, kwa Mborana, si bara la Afrika wala bara na pwani. Ni mwaka, au zama. Waborana huhesabu historia yao kwa vipindi vya miaka minane minane vya uongozi wa Abba Gada, na mzee akitaka kueleza jambo la kale hutaja bara ya fulani. Neno letu limetoka kwa Waarabu, ambao kwao ni nchi kavu. Moja ni la ardhi na jingine ni la wakati.

Shani kwetu ni jambo la ajabu, lisiloonekana kila siku, tena ni jina zuri la msichana. Kwa Mborana shani ni tano, wala halina ajabu yoyote. Mtoto wa darasa la kwanza hulisema akihesabu vidole vya mkono wake.

Kisha mzee akagusa jicho lake la kushoto, ambalo lilikuwa na utando mweupe wa mtoto wa jicho. "Ila," akasema. Nikangoja amalizie sentensi, maana kwetu mtu akisema "ila" huwa kuna jambo linafuata. Hapakufuata kitu. Ila, kwa Kiborana, ni jicho. Na kwa kuwa Kiswahili kina ila nyingine yenye maana ya kasoro, kama tusemavyo kwamba hakuna kizuri kisicho na ila, mzee alikuwa na mzaha wake tayari. "Mimi," akasema, "nina ila yenye ila." Nadhani mzaha huo ameutumia kwa wageni wengi kabla yangu, lakini nilicheka kwa moyo wote.

Lipo neno moja ambalo nitalizunguka tu, kwa sababu gazeti hili husomwa na familia nzima. Ni neno la Kiborana lenye maana ya elfu moja. Ni nambari safi kabisa, hutajwa mbele ya wazee, wanawake na mashehe. Kwa bahati mbaya, kwa Kiswahili neno hilo hilo halisemwi mbele ya mama mkwe. Muuza mbuzi akitaja bei kwa lugha yake, mnunuzi aliyetoka Mombasa hudhani ametukanwa. Vijana wa Isiolo waliosomea shule za bweni kusini wanalijua jambo hili vizuri. Wengi walijifunza upesi kuhesabu elfu kwa Kiswahili tu.

Ari ya mnadani na kiama cha mlimani

Siku ya pili nilikwenda kwenye mnada wa mifugo. Hapo, mfanyabiashara mmoja wa Kisomali alikuwa akizungumza na simu kwa sauti ya juu, na kila baada ya maneno machache nilisikia ari. Nikadhani anamtia mwenzake moyo, kama waandishi wetu wa michezo wasemavyo kwamba timu imecheza kwa ari. La! Ari zake zilikuwa zikilia nyuma yake: ni mbuzi na kondoo. Ari yetu sisi imetoka katika neno la Kiarabu la aibu, nayo ni ile hisia inayomfanya mtu asikubali kushindwa.

Kisomali kina mtego mwingine kwa msomaji. Tangu mwaka 1972 lugha hiyo huandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini, na herufi c hapo si ch wala si k, bali ni ile sauti ya kooni ya ain ya Kiarabu. Kwa hivyo Cabdi ni Abdi. Kibao kilichoandikwa caano geel hakihusu chano cha mbao. Kinauza maziwa ya ngamia. Akina mama wa ushirika wa Anolei, ambao hupeleka maziwa hayo kwa mabasi hadi Eastleigh jijini Nairobi, wamebeba neno hilo hilo ndani ya jina lao.

Kutoka mnadani nilipewa lifti na Mmeru mmoja, mzee wa makamo, aliyekuwa akirudi Meru na gari tupu baada ya kuuza ndizi. Nilimwuliza kwa nini alikuwa na haraka. Akasema, bila hata kukunja uso, kwamba kesho yake alikuwa na kiama.

Ndugu msomaji, mtu aliyelelewa kwa Kiswahili akiambiwa hivyo na dereva aliyeshika usukani hujishika kiti. Kiama chetu ni siku ya kufufuliwa wafu na kuhukumiwa, nalo ni neno la Kiarabu. Lakini kiama cha Mmeru ni baraza la wazee. Lililo kuu miongoni mwao ni Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru. Mzee wangu hakuwa anakwenda kuhukumiwa. Yeye ndiye aliyekuwa mmoja wa waamuzi, na kesi yenyewe ilikuwa ya mpaka wa shamba.

Neno hilo nitalirudia, maana lina siri.

Msichana aliyesema 'toto'

Hadi hapo mambo yote yalikuwa ya kuchekesha, na nilikuwa tayari kurudi na makala ya kuchekesha. Ndipo nikakutana na mama mmoja, muuguzi mstaafu, ambaye sitamtaja jina kwa ombi lake. Ni Mmeru, na alianza kazi katika zahanati ndogo nje ya mji katika miaka ya 1980, akiwa msichana aliyehitimu karibuni. Nilimsimulia kisa changu cha kule. Alicheka, kisha akanyamaza, akanimiminia chai.

"Mwanangu," akasema, "mimi nitakupa moja ambalo halichekeshi."

Asubuhi moja alikuwa peke yake zamu. Akaingia msichana wa Kiturkana, hakuzidi miaka tisa, amebeba mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa na vumbi hadi magotini na pumzi zilikuwa zimemwishia. Alisema neno moja tu na kulirudia: "Toto. Toto."

Muuguzi akaelewa. Yaani, alidhani ameelewa. Akamfungua yule mchanga mgongoni, akamlaza mezani, akampima uzito na joto, akamsikiliza kifua. Mtoto alikuwa mzima. Akamfunga tena mgongoni mwa dada yake, akamwashiria kwamba hakuna neno, aende nyumbani.

Msichana hakwenda. Akaanza kulia. "Toto," akasema, akinyosha kidole mlangoni. Muuguzi akampima mchanga kwa mara ya pili, safari hii kwa uangalifu zaidi, akijiuliza ni ugonjwa gani huo usioonekana. Akampa msichana maji na biskuti. Bado alilia.

Bawabu wa zahanati, Mturkana, alikuwa ameenda kuteka maji. Aliporudi alisimama mlangoni, akasikiliza kidogo tu, akatua mtungi.

"Sista," akasema, "huyu hasemi mtoto. Anasema mama yake."

Katika Kiturkana, toto ni mama yangu. Hivyo ndivyo mtoto anavyomwita mzazi wake, kama sisi tuitavyo "mama". Papa naye, ambaye kwetu ni samaki wa kuogopwa, kwao ni baba yangu. Mama wa msichana yule alikuwa amejifungua siku chache nyuma, na sasa alikuwa amelala chini ya mti, mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa miguu, akiungua kwa homa na kupoteza fahamu. Walisimamisha gari lililokuwa likipita, wakamfuata. Alipelekwa hospitali, akapona. Lakini muuguzi alikwisha hesabu dakika alizompima mtoto mzima huku mgonjwa akiwa chini ya mti, na miaka yote hii hajaacha kuzihesabu.

"Kosa langu halikuwa kutojua Kiturkana," aliniambia. "Nani anazijua lugha zote? Kama angetamka neno nisilolijua kabisa, ningetoka nje mara moja nitafute mtu wa kunitafsiria. Nilichelewa kwa sababu nilidhani nimeelewa."

Sijasoma katika kitabu chochote maelezo bora zaidi ya hatari ya maneno haya. Neno geni hukufanya uulize. Neno linalofanana na lako hukufanya usiulize.

Mahesabu yasiyo na uchawi

Je, mfanano huu watoka wapi? Wapo wanaouona na kukimbilia kusema kwamba makabila haya yalikuwa kitu kimoja zamani, au kwamba lugha moja imeiba kwa nyingine. Mara nyingi jibu ni rahisi zaidi, na mwanafunzi anaweza kulipata kwa kalamu na karatasi.

Chukua konsonanti 15 tu na irabu zetu tano. Ukiziunganisha utapata silabi 75. Sasa tunga maneno ya silabi mbili, kama kule, mara na toto: 75 mara 75 ni 5,625. Huo ndio mfuko wote. Kila lugha duniani ina maelfu ya maneno, na nyingi hupenda maneno mafupi yenye sauti nyepesi. Lugha sita zikitia mikono katika mifuko inayokaribiana hivyo, zitatoka na neno moja mara kadhaa. La ajabu lingekuwa zisigongane.

Mfano unaojulikana zaidi kwa wanaisimu umetoka Australia. Katika miaka ya 1960 mtaalamu R.M.W. Dixon alikuwa akikusanya maneno ya Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Queensland ambayo leo haina tena wazungumzaji. Alipomwuliza mzee mmoja wanamwitaje mbwa, aliambiwa: dog. Mtu angeapa kwamba ni Kiingereza. Lakini lugha jirani za wenyeji humwita mbwa gudaga, na Kimbabaram kilikuwa na desturi ya kukata mwanzo na mwisho wa maneno ya kale. Gudaga ikakatwa huku na huku, ikabaki dog. Haina uhusiano wowote na mbwa wa Mwingereza.

Maneno ya kuwaita wazazi yana sababu yake ya ziada. Mtoto mchanga, awe wa Isiolo au wa Beijing, huanza kwa sauti za midomo na ulimi: ma, ba, pa, ta. Wazazi husikia wanaitwa, kila jamii ikaamua ni nani aliyeitwa. Ndiyo maana mama na papa wamejaa duniani kote. Lakini uamuzi si mmoja: katika Kijojia, lugha ya nchi ya Georgia kule milima ya Kaukasi, mama ni baba! Basi Mturkana kumwita mama toto si jambo la kushangaza kuliko hilo.

Ndugu wa kweli hujulikana vipi?

Kama mfanano hautoshi, undugu wa lugha hupimwaje? Usilitazame neno moja, tazama safu nzima. Nilijaribu nambari, maana kila mtu sokoni anazijua.

Nilimwomba Mborana ahesabu, akasema mbili ni lama, tatu sadi, nne afuri, tano shani, tisa sagali. Msomali akasema laba, saddex, afar, shan, sagaal. Nikawahoji Msamburu na Mturkana. Mbili kwa Msamburu ni are, na kwa Mturkana ngaarei. Tatu ni uni kwa mmoja na ngauni kwa mwingine. Mwisho nikamwendea muuza viazi wa Kimeru: tatu ni ithatu, nne inya, tano ithano. Kwetu ni tatu, nne, tano. Palipo na t ya mwanzo kwetu katika nambari hizo, yeye ana th, na desturi hiyo inarudiwa. Bahati nasibu haina mazoea ya kurudia jambo kwa utaratibu namna hiyo. Ndugu ndio hufanana hivyo.

Sasa turudi kwenye kiama cha yule mzee wa ndizi. Sisi Waswahili tuna desturi ya kugeuza ki kuwa ch inapokutana na irabu. Kitu chenye umbo la ki-ombo tunakiita chombo, na ki-angu tunasema changu. Ipitishe kiama ya Mmeru katika mlango huo huo. Ki-ama itakuwa nini? Chama!

Naam. Kiama cha wazee wa Meru si ndugu wa Kiama chetu, ijapokuwa wamevaa sare moja. Ndugu yake ni chama: chama cha akina mama, chama cha siasa, chama cha akiba na mikopo. Anayefanana naye ni mpita njia aliyetoka Arabuni, na jamaa yake wa damu ameketi mlango wa pili kwa jina ambalo mtu hawezi kulitambua kwa kulitazama tu.

Niliwaza hayo nikipita katika mitaa ya Isiolo, mji ambao watu wake wamewahi kugombana vikali, hasa kati ya miaka ya 2009 na 2012, na ambao hata hivyo hunywa chai kwenye meza moja. Na chai yenyewe, kwa taarifa yako, ni neno moja kweli kweli. Mswahili anasema chai, Msomali anasema shaah, na wote wamelipokea kutoka njia moja ndefu iliyoanzia Uchina.

Basi wewe mzazi unayesoma haya na watoto mezani, jaribuni mchezo huu leo. Kila mmoja atafute neno la lugha ya nyanya yake ambalo laandikwa kama la Kiswahili na lina maana nyingine. Katika nyumba nyingi za jijini, ambako baba ametoka huku na mama kule, mtapata zaidi ya mlivyotarajia. Mkilipata, msiseme tu "kumbe ni moja". Ulizeni limetoka wapi.

Siku ya kuondoka nilifika mapema kituoni. Abiria walikuwa wakipakia magunia na mitungi ya manjano ya maziwa. Katikati ya msukumano huo sauti ndogo ikaita kwa hofu: "Toto! Toto!" Alikuwa mvulana wa miaka mitatu hivi, amesimama peke yake kando ya gurudumu la basi. Siku tatu kabla ningetazama chini kumtafuta mtoto mwenzake. Safari hii nilinyanyua macho, nikatafuta katika umati mwanamke mwenye shanga shingoni anayeangaza huku na huku. Nilimwona karibu na dirisha la tikiti. Nikampungia mkono, naye akaja mbio.